Waya wa Bibi Mwanahawa, Kutoka Uani Mpaka Barazani

Nyie vijana mkisikia muziki umepungua nguvu, jambo la kwanza ni kukimbilia dukani kununua amplifaya kubwa zaidi. Siwalaumu. Hata sie tulikuwaga hivyo hivyo, ila duka la kukimbilia hatukuwa nalo. Nimeshika kazi ya redio tangu Mwingereza yupo mpaka macho yalipokataa kutofautisha rangi za rezista, na ninachowaambia ni hiki: mara nyingi sauti haikosi ukubwa. Inakosa wa kuibeba.

Kile kisaketi kidogo mnachokiita bafa, ambacho leo mnakipata ndani ya kidude chenye ukubwa wa punje ya mchele, mie nilikijenga mara ya kwanza ndani ya kopo la biskuti, Temeke, kwa ajili ya harusi. Nilikuwa bado kijana, nimeshuka kutoka Upare na sanduku la mbao, na Dar es Salaam nzima hakuna aliyeniita fundi. Waliniita Mathayo wa kwa Gulam.

Mzee Gulam alikuwa Mhindi mwenye duka la kutengeneza redio kule mjini. Mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kila redio iliyoingia dukani aliinusa kwanza kabla hajaifungua. Mie nilidhani ni kichaa. Baadaye nikajua kwamba transfoma iliyoungua ina harufu yake, na kondensa iliyopasuka ina yake, na ukiwa na pua nzuri unamaliza nusu ya kazi kabla hujashika bisibisi. Aliniambia pia kwamba ukigusa redio iliyowashwa, mkono mmoja uwe mfukoni. "Umeme ukiingia mkono huu na kutokea mkono ule, njiani unapita kwenye moyo," alisema. "Usiupe njia." Mpaka leo nikiona kijana kashika saketi kwa mikono yote miwili nataka kumpiga kofi.

Nyumbani kwangu Temeke hakukuwa na umeme. Chuma changu cha kulehemu kilikuwa na kichwa cha shaba, nakichomeka kwenye mkaa mpaka kiive, ndipo kiyeyushe risasi ya kuungia nyaya. Mkaa wenyewe ni wa jiko la mke wangu Namkunda, na juu ya jiko kuna maharage.

"Baba Elia," alikuwa akiniambia, "hii nyumba inakula maharage au inakula risasi?"

Kulehemu kwenyewe nilikujua kwa mafundi bati, wanaotumia tindikali kusafisha bati ili risasi ishike. Nikaitia tindikali ile ile kwenye redio ya mteja. Ikaimba vizuri, nikajisifu. Haikupita muda ikarudi dukani imeota kijani kila kiungo, kama mkebe uliosahauliwa mvuani. Mzee Gulam alicheka mpaka akavua miwani. "Matayo, tindikali ni ya ndoo. Redio siyo ndoo." Akanipa kipande cha sandarusi, ule utomvu mkavu uliokuwa ukichimbwa huku pwani, akanionyesha jinsi ya kukigusisha kwenye waya kabla ya risasi. Kikatoa moshi wenye harufu kama ya ubani, na kiungo kikang'aa. Tangu siku hiyo nyumba yangu ikanukia kama mna maulidi.

Sasa, Bibi Mwanahawa. Huyu alikuwa mwanamke wa Kizaramo, mjane, mpika vitumbua, na kiongozi wa chama cha ngoma cha wanawake wa mtaani kwetu. Nyumba yake ilikuwa miongoni mwa zile chache zilizovutiwa umeme. Biashara yake ya vitumbua ilimpatia redio kubwa ya mbao, yenye spika ndani yake na matundu mawili nyuma ya kuchomeka gramafoni, na baadaye akapata na gramafoni ya umeme. Ilikuwa mashine nzuri, mkono wake mwepesi, haichimbi santuri kama zile za zamani zenye sindano nzito.

Siku moja asubuhi akaja kibarazani kwangu, amejifunika kanga, amekaza uso.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, baba. Wewe si ndiye unayetengeneza redio kwa yule Mhindi?"

"Ndiye mie."

"Mwanangu Saada anaolewa. Nataka redio ikae barazani, mtaa mzima usikie. Lakini gramafoni nataka ikae nyuma, chumba cha uani, kwetu wanawake."

Sikumwelewa. Nikamwambia gramafoni siku zote hukaa karibu na redio, waya wake mfupi.

"Ndiyo maana nimekuja kwako," akasema. "Kila harusi santuri wanachagua wanaume. Wanaweka wanazotaka wao. Mmoja akianza hadithi yake, wanazima katikati. Sie huko nyuma tunatwanga, tunapika, tunasikia *dum dum* tu ukutani. Redio ni yangu. Gramafoni ni yangu. Mtoto ni wangu. Harusi hii tutachagua sie, na wao watasikiliza."

Nikamwambia inawezekana. Nilisema haraka, kama vijana wanavyosema.

Tukapitisha waya wa kawaida kutoka chumba cha uani, kufuata ukuta wa korido, mpaka barazani. Nikawasha. Redio ikatoa mvumo kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Muziki ulikuwamo humo ndani, lakini ungehitaji kuutafuta. Ule waya mrefu ulikuwa unaokota umeme wa nyumba nzima.

Nikarudi mjini, nikapata waya wenye soksi ya shaba, ule unaovishwa kizuizi nje. Mvumo ukakatika. Nikafurahi, nikamwita Bibi Mwanahawa asikilize. Alisimama kwenye mlango wa barazani, mikono kiunoni.

"Fundi, huyu mwimbaji ana njaa."

Na kweli. Sauti ilikuwa imekonda. Besi imeondoka, imebaki sauti ya mtu aliyebana pua, na ndogo, hata nikifungua redio mpaka mwisho.

Bahati mbaya siku hiyo alikuwapo Bwana Rajabu, mjomba wa bwana harusi. Alikuwa dalali wa mnada, na koo lake lilijulikana mpaka Keko. Akisema "habari ya asubuhi," kuku wanaruka. Akasikiliza ile sauti iliyokonda, akacheka, na barabara nzima ikajua kwamba amecheka.

"Shemeji Mwanahawa! Sauti ya uani haifiki barazani! Haijawahi kufika! Ukitaka kujidanganya, jidanganye, lakini siku ya harusi huyu kijana wako akiwa bado anahangaika na nyaya, mie naleta gramafoni yangu naiweka hapa barazani, na mambo haya yaishe."

Majirani waliokuwa wanapita walicheka naye. Bwana Rajabu alipoondoka, Bibi Mwanahawa akaniita ndani, akasema polepole:

"Nimeshawaambia wanawake wenzangu wote. Wengine wameshachagua santuri zao, wamezifunga kwenye kanga. Ukishindwa, fundi, hutashindwa wewe. Nitashindwa mie."

Kesho yake nikamweleza Mzee Gulam kila kitu. Alikuwa anakunywa chai kwenye sahani, kama kawaida yake. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kitu ambacho nilidhani hakihusiani.

"Bandarini umewahi kwenda?"

"Nimewahi."

"Tajiri mwenye mchele, yeye mwenyewe anabeba gunia?"

"Habebi. Anayebeba ni hamali."

"Basi. Ile kristali ndani ya kichwa cha gramafoni, inayozaa sauti kutoka kwenye sindano, ni tajiri. Ana mali, lakini mabega hana. Wewe umempa gunia, umemwambia alibebe mwenyewe mpaka barazani. Waya ule wenye soksi unakunywa sauti njia nzima. Redio nayo inamvuta kule mwisho. Anafika mtupu. Mpe hamali. Valvu moja, palepale mlangoni kwake."

"Valvu ya kupandisha sauti?"

"Haipandishi kitu."

Nikamtazama. Mie nilijua valvu, ile chupa ya kioo inayowaka ndani ya redio, kazi yake ni kukuza sauti. Ndiyo kazi niliyoiona siku zote.

"Sasa valvu isiyokuza sauti ina faida gani?"

"Hamali anazidisha mchele kwenye gunia?"

"Hapana."

"Anapunguza?"

"Akiwa mwaminifu, hapana."

"Sasa unauliza nini?" Akachukua chaki, akachora juu ya meza. Siku zote sie tulikuwa tunatoa sauti upande wa juu wa valvu, kwenye anodi. Yeye akaitoa chini, kwenye kathodi. Sauti inaingia kwenye gridi, ndiyo mlango wa valvu, kama mgeni asiyeguswa, haivutwi, haibanwi. Valvu inaifuata kwa kila hatua, na inaitoa kule chini vilevile ilivyo, ila sasa ina mabega. Waya mrefu kiasi gani, haijali. Nilisimama pale natazama mistari ya chaki, na nawaambia kweli, nywele zilinisimama. Kitu kidogo hivyo! Valvu moja, rezista chache, kondensa mbili, na umeme wake.

Nikavuna vitu kwenye maiti za redio zilizokuwa uani mwa duka. Transfoma ndogo, tundu la kuchomekea valvu, kila nilichohitaji. Kwa nyumba ya kukaa saketi nikatumia kopo la biskuti, kwa sababu bati linazuia ule mvumo usiingie. Nikamwonya Namkunda kwamba jiko ni langu mpaka Jumapili.

Alikubali kwa sharti moja. "Na mie nitakaa uani siku ya harusi, karibu na gramafoni. Nataka kuona kinachokula mkaa wangu."

Kitu kimoja mkishike hapa. Pale sauti inapoingia, kwenye gridi, mnaweka rezista ya kubana umeme kwenda ardhini, yaani kwenye bati la kopo. Mie mwanzoni niliweka ndogo, niliyokuwa nayo karibu, na mwimbaji akabaki na njaa vilevile. Kristali haitaki kuvutwa hata kidogo. Tafuta rezista kubwa kuliko zote kwenye droo yako. Nilipoibadilisha, besi ilirudi palepale, nzito, imeshiba. Nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha uani cha Bibi Mwanahawa, na nilipiga makofi kama mwehu. Yeye alikuwa kule barazani. Akaja mbio kwenye korido, kanga inaburuta.

"Amekula!" akasema. "Fundi, amekula!"

Wanawake wakaja kusikia. Mmoja akaomba santuri irudiwe, mwingine akaanza kucheza. Wengine wakaendelea na kazi zao, maana harusi ilikuwa imekaribia na viungo vya pilau vilikuwa havijatwangwa. Wakashika mchi.

*Ngo! Ngo! Ngo!*

Redio ya barazani ikalia kama kengele ya kanisa. Kila mchi ukigonga kinu, kengele. Wanaume waliokuwa wamekaa nje wakaruka. Mie nikakimbia kuzima.

Valvu ndani yake ina vyuma vyembamba kama nyuzi. Nyingine ukiitikisa inaimba yenyewe, na nyumba ya udongo yenye kinu uani inatikisika kuliko mnavyodhani. Kwa Mzee Gulam hakuna aliyetwanga, ndiyo maana jambo hili halikuwahi kututokea. Nikawaomba wanawake waache kutwanga siku ya harusi. Walinitazama kama mtu aliyewaomba waache kupumua.

Nikatoka nje nimeshika kopo langu, nikakaa kwenye tofali, nafikiri. Mbele yangu kulikuwa na fundi baiskeli, anaziba pancha. Mpira wa ndani wa gurudumu umelala mapajani mwake kama nyoka. Nikamwomba kipande kilichokwisha kazi. Nikakata vijiutepe, nikang'oa tundu la valvu kwenye bati, nikatoboa hapo shimo pana, nikalining'iniza lile tundu katikati yake kwa mpira pande zote, lielee, lisiguse chuma popote. Chini ya kopo nikaweka kipande kingine kama godoro.

"Twangeni," nikawaambia.

Wakatwanga. Redio ikaimba, na kengele haikulia. Bibi mmoja akatwanga kwa hasira kabisa, nadhani alitaka kunikomoa. Kengele ikakaa kimya. Mwimbaji akaendelea na wimbo wake.

Siku ya harusi wageni walijaa mpaka barabarani. Sheikh alifungisha ndoa barazani, dua ikasomwa, kahawa ikazunguka. Mzee Gulam alikuja na koti lake jeupe, akakaa kwenye kiti karibu na redio, na nilimwona anainusa. Bwana Rajabu naye alikuja, na nyuma yake mtu amebeba gramafoni kichwani.

"Nimekuja na akiba!" akatangaza. "Msihofu!"

Mie nilikuwa nimesimama pembeni ya redio. Uani mwanamume haingii siku ile, kwa hiyo kule kote nilikuwa nimemwachia Namkunda. Nilimfundisha kuwasha kopo kwanza, kungoja lipate moto, ndipo asogeze sindano.

Redio ikawaka. Kimya. Hata mvumo haukuwapo. Bwana Rajabu akaanza kutabasamu. Halafu kukasikika mkwaruzo mdogo wa sindano inapogusa santuri, *kshhh*, safi kabisa, kama mtu anafagia mchanga. Na muziki ukaingia.

Jamani! Ngoma ilikuwa ndani ya kifua chako. Fidla ilikata hewa. Mwimbaji alipovuta pumzi kabla ya ubeti, barazani tuliisikia pumzi yenyewe. Wazee wakaacha vikombe. Barabarani watu walisimama. Kutoka uani kikapasuka kigelegele kilichovuka paa la nyumba, na nyuma ya kigelegele, michi haikuacha kutwanga.

Santuri ile ikaisha, ikaja nyingine, na nyingine. Namkunda alinisimulia baadaye kwamba Saada, bibi harusi mwenyewe, na hina yake mikononi, ndiye aliyechagua ya kwanza, na kwamba wanawake walipanga foleni na santuri zao kama watu wa zahanati. Mwanamume mmoja barazani alijaribu kusema hii hatuitaki, tuwekeeni ile nyingine. Hakuna aliyekuwa karibu wa kumwambia. Akakaa chini, akasikiliza. Baada ya muda nikaona mguu wake unapiga mdundo.

Mzee Gulam akaniita kwa kidole. Akafungua koti lake, akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso: maikrofoni ndogo, ya kristali vilevile.

"Zawadi ya harusi," akasema. "Hamali habagui gunia. Mpelekee mama mwenye nyumba."

Nikampa msichana wa jikoni apeleke kwa Namkunda, na maneno ya jinsi ya kuichomeka kwenye kopo mahali pa gramafoni. Santuri iliyokuwa ikipigwa ikaisha. Nikafungua redio mpaka mwisho. Watu barazani wakaanza kuzungumza, wakidhani wanawake wamechoka. Bwana Rajabu alikuwa katikati ya hadithi ya mnada, mkono hewani, koo limefunguka.

"Rajabu!"

Sauti ilitoka kwenye redio. Sauti ya Bibi Mwanahawa, ndogo kidogo lakini safi, kila herufi mahali pake, kama amesimama mbele yetu.

Bwana Rajabu aliruka wima. Na kabla hajajua anafanya nini, dalali yule mwenye koo la kufika Keko akaitika kama mtoto anayeitwa na mama yake:

"Abee!"

Jibu la kike! Baraza likapasuka kwa kicheko. Watu walishikana mabega. Sheikh mwenyewe alijifunika uso kwa kilemba. Bwana Rajabu alitazama redio, akanitazama mie, na baada ya kitambo naye akaanza kucheka, kicheko chake kile kikubwa, mpaka machozi.

"Pilau imeiva," redio ikasema. "Waambie wanaume wanawe mikono."

"Naam, shemeji!" akaitikia, safari hii kwa sauti yake yote, na akageuka kuwapanga watu kwenye mikeka. Gramafoni yake ya akiba ilibaki kwenye kona imefunikwa kitambaa, na baadaye nikamkuta mtu ameikalia anakula.

Jioni nilitaka kufungua waya nirudishe kopo dukani. Bibi Mwanahawa akasimama mbele ya mlango wa chumba cha uani.

"Hicho hakitoki, fundi. Hicho ni cha nyumba hii."

Fundi. Mbele ya watu wote. Namkunda alikuwa nyuma yake, amebeba sahani ya pilau ya kwenda nyumbani, ananikonyeza.

Jumatatu nilipofika mjini nilikuta mlango wa duka umezibwa na mabuibui. Wanawake wa Temeke, wa Keko, wa Ilala, hata mmoja wa Magomeni, wote wanataka "ile ya Bibi Mwanahawa." Mzee Gulam alikuwa amekaa ndani na sahani yake ya chai, hana hata nafasi ya kunyoosha mguu.

"Matayo," akasema, "hawa wageni wako. Wahudumie."

Nikamwendea wa mbele, mama mnene mwenye sauti ya upole.

"Mie langu ni gumu kidogo, fundi," akasema. "Mume wangu ana genge la mboga sokoni. Nataka nikimwita kutoka jikoni kwangu, asikie."

Nikatoa futi yangu ya kupimia mfukoni.

"Haya mama," nikamwambia. "Kutoka jikoni mpaka sokoni, kuna umbali gani?"